Swichi nyekundu na uniti 75

Siku hizi mteja akinipigia simu, salamu haijaisha ameshaniambia kuwa LUKU inakimbia. Wanapiga kutoka Sabasaba na Bomani hapa Tarime mjini, wanapiga kutoka Sirari na Nyamongo, na mara mojamoja kutoka Mugumu, upande wa Serengeti. Kila mmoja ana mshukiwa wake tayari: mita mbovu, jirani aliyejiunganishia waya usiku, au mtoto anayeacha runinga ikiwaka. Mimi ni fundi umeme wa majumbani. Nikifika ninakagua waya, ninakagua soketi, ninapima, halafu ninauliza kama nyumba ina mashine ya maji. Mara nyingi ipo. Imesimama kwenye kona ya sebule na chupa kubwa ya maji kichwani, taa yake nyekundu inawaka, na tangu itoke dukani haijazimwa.

Maji ya moto yenyewe siyapingi hata kidogo. Tarime mjini tuko takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai hakuna anayenawa uso kwa maji ya bomba kwa hiari yake. Kuna uji wa ulezi, kuna chai ya mgeni, kuna maji ya kumwogesha mtoto na ya bibi mwenye kifua. Ninachopinga ni kuchemsha maji yaleyale usiku kucha wakati nyumba nzima imelala, kwa umeme ambao baba au mama amenunua kwa shilingi elfu moja moja.

Ndani ya mashine hiyo, ambayo wengi tunaiita dispensa, kuna tangi dogo la chuma lenye hita. Soma kibandiko cha nyuma: nyingi zinazouzwa huku zina hita ya wati 500 hivi, na zimeandikwa kuwa zinatoa lita 5 za maji ya moto kwa saa. Hita inachemsha mpaka maji yafike karibu nyuzi 90, termostati inakata. Maji yanapoa kidogo, termostati inawasha tena. Mchezo huo unaendelea mchana na usiku, awepo mtu wa kunywa au asiwepo. Tangi la mashine nyingi za bei ndogo limezungushiwa sponji nyembamba tu, kwa hiyo joto linatoka na kwenda kupasha ukuta wa sebule.

Mama mmoja wa mtaa wa Rebu alinibishia sana juu ya jambo hili. Alikuwa ameshawatuma watu wawili kuja kuangalia mita yake. Nikamwomba tuzime kila kitu ndani ya nyumba, friji, runinga, taa, chaja za simu, ibaki dispensa peke yake, na nikazima swichi yake ya kupozea ibaki ya kuchemshia tu. Tukatoka nje, yeye, mimi na mama mkwe wake, tukasimama mbele ya mita. Mita yake, kama nyingi za huku, ina kitaa chekundu kidogo na pembeni imeandikwa 1000 imp/kWh. Maana yake kitaa kikikonyeza mara 1,000, uniti moja imekwenda. Tulisimama kimya, kitaa nacho kimetulia. Kisha ndani ya nyumba tukasikia termostati inalia klik, na kitaa kikaanza: kinakonyeza, zinapita sekunde saba, kinakonyeza tena. Baada ya dakika moja na ushee, klik nyingine, kikatulia. Mama mkwe akaniuliza, “Mwanangu, sasa hivi nani amekunywa maji?” Nikamjibu, “Hakuna, mama.” Akamgeukia mkwewe wala hakusema neno.

Kwa wastani tulipata mikonyezo 15 kwa kila robo saa. Hiyo ni 60 kwa saa, na kwa siku nzima ni 1,440, karibu uniti moja na nusu. Kwa mwezi ni uniti 43. Hapo hakuna hata kikombe kimoja kilichokingwa, na friji ndogo ya kupozea iliyo ndani ya mashine hiyohiyo imezimwa.

Uniti 43 zinaweza kuonekana kitu kidogo kwa mwenye hoteli. Kwa familia ya kawaida ni jambo kubwa, na sababu yake iko kwenye bei. Mteja mdogo wa TANESCO aliye kundi la D1 ananunua uniti 75 za kwanza za mwezi kwa shilingi 100 kila moja, kabla ya VAT ya asilimia 18 na tozo za REA na EWURA. Akivuka 75, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Akiendelea kuvuka, anahamia kundi la T1, ambako uniti ni shilingi 292 tangu ya kwanza. Sasa chukua nyumba inayotumia uniti 50 kwa mwezi kwa taa, runinga, friji ndogo na pasi ya sare za shule. Inalipa shilingi 5,000 kabla ya kodi. Ongeza 43 za dispensa, jumla inakuwa 93. Mwezi huo wa kwanza inalipa shilingi 13,800. Ikishahamishiwa T1, uniti zilezile 93 ni shilingi 27,156. Mashine moja iliyokaa kimya kwenye kona imeifanya nyumba hiyo ilipe zaidi ya mara tano, na taa, runinga, friji na pasi vyote vimepanda bei pamoja nayo. Ndiyo maana mtu anaapa kuwa mita ni mbovu. Mita ni nzima, ila mwenye nyumba amevuka mstari ambao hakuonyeshwa siku aliponunua mashine.

Wako watakaosema hizo ni mashine za bei ndogo, ukinunua nzuri tatizo linaisha. Linapungua kweli. Marekani wana mpango unaoitwa Energy Star, unaopima mashine za maji kwa namna hiyohiyo tuliyoifanya pale Rebu: imewashwa, haikingwi maji, inakula kiasi gani kwa siku. Mwaka 2014 waliweka kikomo cha uniti 0.87 kwa siku kwa mashine ya moto na baridi yenye tangi. Piga hesabu mwenyewe: hata mashine iliyopewa sifa kwa viwango hivyo ingeweza kufikisha uniti 26 kwa mwezi kabla hujaonja chai. Hizo ni zaidi ya theluthi moja ya zile 75 za bei nafuu.

Hoja ninayokutana nayo kila wiki ni nyingine. Mteja ananiambia, “Fundi, ukizima halafu ukawasha tena ndiyo inakula zaidi.” Imani hii imeenea kila mahali, kuanzia kwa walimu hadi kwa bodaboda, na inawagharimu watu pesa. Joto ni kama maji kwenye ndoo iliyotoboka: ndoo ikijaa inavuja kwa kasi, ikipungua inavuja polepole. Maji ya nyuzi 90 katika sebule ya nyuzi 20 yanapoteza joto kwa kasi kubwa. Ukizima yanapoa, na kadiri yanavyopoa upotevu unapungua, hadi yanapolingana na hewa ya chumba unakoma kabisa. Asubuhi utakapowasha utalipia kuyarudisha kwenye joto lake, lakini gharama hiyo haiwezi kuzidi ile ya kujaza pengo usiku kucha. Tangi ni dogo, dakika 15 zinatosha.

Kuchemsha lita moja kutoka ubaridi wetu wa asubuhi kunahitaji chini kidogo ya sehemu moja ya kumi ya uniti. Hayo ni maumbile ya maji, hakuna kiwanda kinachoweza kuyapunguza. Huku kwetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi kwa sababu ya mwinuko, si 100 kama ya Dar es Salaam, kwa hiyo tunaokoa chembe hapo. Jagi la umeme la kawaida, lenye wati 1,500 hadi 2,000, linapoteza kidogo tu, hivyo weka uniti moja kwa lita 10. Nyumba yenye watu sita inayotumia lita 6 za maji ya moto kwa siku, kwa chai na uji na maji ya kunywa ya mgonjwa, itakula uniti 18 kwa mwezi. Kwa bei ya D1 ni shilingi 1,800 kabla ya kodi. Maji yote yamenyweka, hakuna yaliyochemshwa mara mbili.

“Lakini nikitaka maji ya moto saa nane usiku?” Hapo ndipo chupa ya chai inapoingia, na ninaisema kwa heshima yote. Mskoti James Dewar alitengeneza chombo chenye kuta mbili zilizonyonywa hewa katikati mwaka 1892, akiwa na shughuli zake za maabara, na tangu 1904 Wajerumani wakaanza kuuza chupa hizo kwa jina la Thermos. Palipo na utupu joto halina pa kushika njia. Chemsha lita tatu saa mbili usiku, jaza chupa, funga kizibo sawasawa, na alfajiri maji bado yanatosha kukoroga uji wa mtoto bila kuguswa na umeme. Umeme ukikatika, na huku unakatika, dispensa inapoa na chupa inabaki na joto lake. Kama chupa yako ina joto ukiishika tumboni, utupu umetoka, badilisha. Bado ni rahisi kuliko tofauti ya LUKU ya mwezi mmoja.

Niseme na hili kwa sababu linahusu afya. Wapo watu wanaojaza chupa kubwa ya dispensa kwa maji ya bomba au ya kisima, wakiamini mashine inayachemsha yote. Haichemshi yote. Bomba la baridi na lile la kawaida yanatoa maji kama yalivyoingia. Katika mkoa ambao tunajua kipindupindu na homa ya matumbo ni nini, hilo ni hatari kuliko bili yoyote. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote vizuri kwa dakika moja, yapoe, yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko. Kuyakalisha kwenye moto kwa muda wa saa kumi na mbili hakuyaongezei usalama.

Nyumba za kupanga zina habari yao, na hapo moyo wangu huwa mzito zaidi. Utakuta vyumba sita au nane, mita moja, na kwenye ukuta wa korido tangazo la mwenye nyumba: hita na pasi marufuku. Ninamwelewa mwenye nyumba. Hita ya kutumbukiza kwenye ndoo, zile zenye waya mwembamba, nimezitoa zikiwa zimeyeyuka plagi, na zinaua. Mtu anachovya mkono kupima joto kabla hajachomoa. Lakini amri hiyo inampiga asiyestahili. Ndoo ya lita 20 ya kuoga, kutoka ubaridi wa asubuhi hadi joto la mwili, inakula karibu nusu uniti. Mpangaji anayechemsha maji ya kumwogesha mtoto kwa jagi, robo ndoo, anafukuzwa kama mwizi, huku chumba cha mbele kina dispensa ambayo haijatajwa kwenye tangazo kwa sababu haitoi moshi wala haichemki kwa kelele. Mwisho wa mwezi wote wanachangia sawa. Kwa kuwa wako kwenye mita moja, jumla yao ilishapita 75 zamani, hivyo hata mjane mwenye taa moja na simu moja analipa kwa bei ya T1. Wenye nyumba wakiweka mita ndogo kwa kila chumba, kazi ninayoifanya mara kwa mara na haina maajabu yoyote, ugomvi mwingi unaisha siku hiyohiyo.

Kinachonifanya niandike gazetini badala ya kuishia kwa wateja wangu ni kuni. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, na lengo lake ni asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Ninaliamini lengo hilo kwa sababu ninaona linavyohitajika. Katika vijiji vya Serengeti vinavyopakana na hifadhi na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, mwanamke anayetafuta kuni ana njia mbili mbaya: aingie palipokatazwa akamatwe, au azunguke nje ya mipaka, ambako miti imekwisha na tembo wanapita. Umeme wa REA umefika vijiji vingi kwa kuunganishiwa kwa shilingi 27,000. Familia ikajipa moyo, ikanunua jagi, mama akaacha kuamka saa kumi kupuliza moto wa chai. Halafu LUKU inaanza kukimbia. Baba anaamuru jambo moja: umeme ni wa taa na simu, chai irudi kwenye mafiga. Nimeiona amri hiyo ikitolewa mbele yangu, katika nyumba ambayo jagi lilikuwa linakula uniti 15 kwa mwezi na dispensa ya sebuleni, aliyoinunua baba mwenyewe kwa ajili ya wageni, inakula mara tatu ya hizo. Jagi likafungiwa kabatini, dispensa ikabaki. Nilieleza, nikapiga hesabu kwenye karatasi, na mzee hakutaka kusikia. Mzigo wa hesabu hiyo ukarudi kichwani mwa mke wake, kwa maana halisi.

Najua tutaambiwa nchi sasa ina umeme mwingi, Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, kwa hiyo kubana matumizi ni mawazo ya zamani. Bwawa ni fahari yetu. Lakini anayeishiwa umeme saa tatu usiku katika kijiji cha Nyamwaga hajaishiwa megawati, ameishiwa tokeni.

Dispensa zina mahali pake. Ofisi yenye watu 30 wanaokinga chai asubuhi nzima, zahanati, nyumba ya wageni pale Mugumu inayopokea watalii alfajiri: huko maji yanachemka na yanatumika, upotevu wa kukaa bure ni sehemu ndogo. Zipo pia zisizo na tangi, zinazochemsha yale tu unayokinga wakati unakinga, na hizo hazina kosa ninalolisema, ingawa zinavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na waya wa nyumba nyingi za zamani hapa Tarime hauwezi kuzibeba bila kubadilishwa. Kama una mgonjwa au kichanga ndani na dispensa inakupa usingizi, itumie, unajua unalipia nini.

Ambaye ameshanunua asiitupe. Geuza mashine, nyuma utakuta swichi mbili, nyekundu ya moto na kijani ya baridi. Nyekundu iwashwe asubuhi na jioni, izimwe katikati, na usiku izimwe kabisa. Kabla ya kuiwasha hakikisha bomba la moto linatoa maji, maana tangi likiwa kavu hita inaungua papo hapo. Kwa walio Mugumu na wengine wanaotumia maji ya visima virefu, chokaa inayoganda ndani ya jagi inaua hita. Chemsha maji yenye limao mara kwa mara, iache ilainike, suuza.

Wanaopaswa kubadilika zaidi kuliko mama wa Rebu ni wanaotuletea na kutuuzia. Ukivuka Sirari ukaingia Isebania upande wa Kenya, utakuta friji dukani zina kibandiko cha nyota kinachoeleza ulaji wa umeme, kwa kanuni walizotunga mwaka 2016. Dispensa haimo kwenye orodha yao, lakini njia imeonekana. Ninaiomba TBS na Wizara ya Nishati waweke sharti dogo kwa kila mashine ya maji ya moto inayoingia nchini: iandikwe mbele, kwa Kiswahili na kwa tarakimu kubwa, inakula uniti ngapi kwa siku ikiwa imewashwa bila kukingwa. Wati 500 hazimwambii kitu mnunuzi, kwa sababu hajui zinawaka kwa muda gani. Uniti kwa siku anazielewa mara moja, kwa kuwa ndizo anazonunua. Wenye maduka wa Tarime, Sirari na Mugumu hawana haja ya kusubiri sheria. Chomeka moja dukani kwenye mita yake, iache siku nzima bila kukinga maji, andika namba kwa kalamu ya wino mzito, bandika karibu na bei. Anayetaka nisaidie kupima, nitakuja bila malipo.